Robo Tatu ya Nini?

Wiki ya mwisho ya semesta, kabla mitihani haijaanza, ubao wa matangazo wa idara huwa na karatasi moja inayosomwa kuliko hata ratiba ya mitihani yenyewe. Ni orodha ya namba za usajili za wanafunzi waliozuiwa kufanya mtihani kwa kuwa hawakutimiza mahudhurio. Anayeikuta namba yake humo anaipiga picha, anaituma kwenye grupu, kisha anakwenda kupanga foleni nje ya ofisi ya mhadhiri. "Shikamoo, Dokta. Mimi vipindi nilikuwa naingia, karatasi ndiyo ilikuwa hainifikii." Mhadhiri ameshayasikia maneno hayo kila mwaka, na mara nyingi ni uongo. Mara nyingine ni kweli tupu. Lile faili la sahihi lililo mezani kwake haliwezi kumwambia yupi ni yupi.

Sheria yenyewe haina ugeni. Vyuo vingi vya Tanzania vinadai robo tatu ya vipindi, yaani asilimia 75. Kenya utakutana pia na theluthi mbili. Ukipungukiwa, hukai mtihani wa somo hilo, na wenzako wanapopanda mwaka wewe unapanda na keri mgongoni, yaani somo la kurudia, au hupandi kabisa. Mwanafunzi aingie darasani, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na chuo kinachokusanya sahihi wiki 14 bila mtu kuziangalia, kikaja kuzifungua wiki ya 15 ili kitoe hukumu. Rejista ingeweza kumtafuta mtu anayepotea akiwa bado karibu. Tumeipa kazi ya kumfungia mlango akishapotea.

Tuanze na karatasi inavyotembea. Ukumbi una viti 300, darasa lina watu 450. Wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine wamesimama nje wakisikilizia dirishani. Karatasi inaanzia mbele kwa CR, kiongozi wa darasa, na kwenda safu kwa safu. Kila inapopita, watu watatu wanaacha kuandika kinachofundishwa, wanatafuta namba zao, wanasaini, kisha unasikia mnong'ono: "Nani mwingine nimsainie?" Mmoja ana namba za washikaji zake wa geto kwenye simu. Anasaini ya kwanza kwa kalamu ya bluu, ya pili kwa nyeusi, ya tatu anailaza mwandiko upande. Karatasi inafika nyuma kipindi kimekwisha na mhadhiri anafunga kompyuta. Aliyekuwa dirishani hajaiona. Kwa mujibu wa rekodi, yule aliyelala Sinza mpaka saa nne amehudhuria, na huyu aliyesimama juani kwa saa mbili hakuwepo.

Mhadhiri akiamua kuhesabu vichwa na kulinganisha na sahihi, kwa kawaida sahihi zinashinda. Kila mtu chuoni analijua hilo, kuanzia mkuu wa idara mpaka mlinzi wa geti. Ila matokeo yake mengine hayazungumzwi sana: ikiwa kusainiana ndiko kunakookoa watu, basi karatasi inapima urafiki. Mwenye washikaji watatu waaminifu anaweza kudoji nusu ya semesta na asilimia yake ikabaki safi. Anayenaswa ni yule asiye na mtu. Ni mama wa miaka 35 aliyetoka kazini kuja kusoma na hana grupu la geto. Ni anayekaa Chanika na kukimbilia daladala kipindi kikiisha. Ni kijana mkimya aliyehamia kutoka kozi nyingine. Hao hao ndio walio karibu zaidi kuacha chuo, na sheria inaanza nao.

Baadhi ya vyuo vimekimbilia mashine. Fanyeni hesabu: watu 450, kila mmoja sekunde nne kwenye mashine ya alama za vidole, ni nusu saa ya foleni, na hapo hakuna kidole kilichogoma kusomeka. Vingine vinaonyesha msimbo wa QR ukutani ili kila mtu auskani kwa simu yake. Msimbo huo unapigwa picha na kufika kwenye grupu kabla mhadhiri hajamaliza kusema habari za asubuhi. Zipo programu zinazoangalia simu iko wapi, na hizo zimezaa desturi ya kumwachia mwenzako simu yako aingie nayo. Teknolojia inabadilisha namna ya kudanganya tu, tena kwa gharama ya chuo.

Je, kuingia darasani kunasaidia? Kunasaidia, na hapa watetezi wa sheria wana haki yao. Mwaka 2010 Marcus Credé na wenzake walichapisha kwenye jarida la Review of Educational Research uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za vyuo, na wakakuta mahudhurio yanaashiria alama za mwanafunzi vizuri kuliko alama zake za sekondari, kuliko mtihani wa SAT wanaoutumia Marekani kuingilia chuo, kuliko hata mazoea yake ya kujisomea. Ni matokeo mazito. Lakini uchambuzi huohuo ulitazama pia sera za kulazimisha mahudhurio, na faida yake kwenye alama ikaonekana ndogo. Anayekuja mwenyewe na anayeburutwa hawavuni sawa, hata wakikaa dawati moja.

Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Dobkin, Gil na Marion, pia katika chapisho la 2010, walieleza madarasa ambayo wanafunzi walifanya mtihani wa katikati ya muhula, na waliopata chini ya alama ya kati wakalazimika kuhudhuria vipindi vilivyobaki. Alama zao za mwisho zilipanda. Kwa upande mwingine, huko Uholanzi Kapoor, Oosterveen na Webbink walichunguza chuo kilichowalazimisha wanafunzi wa mwaka wa pili wenye wastani mdogo wa mwaka wa kwanza kuhudhuria mwaka mzima. Mahudhurio yalipanda, wastani wa alama haukupanda. Sitaki kuzibebesha tafiti mbili mzigo mkubwa, maana California si Morogoro. Ila ninachokiona ni kwamba kule Santa Cruz mwanafunzi aliambiwa katikati ya safari, alama ya mtihani ikiwa bado mbichi, na kulikuwa na vipindi mbele yake vya kurekebisha mambo. Orodha yetu ya ubaoni hutoka wakati hakuna kipindi hata kimoja kilichobaki.

Sasa hiyo robo tatu. Chukua somo lenye vipindi viwili kwa wiki, wiki 14: vipindi 28. Robo yake ni saba, kwa hiyo una ruhusa ya kukosa saba. Inaonekana ukarimu. Somo jingine lina kipindi kimoja kirefu cha saa tatu kwa wiki: vipindi 14, ukikosa vinne umeanguka. Mtu mmoja, malaria moja, ada moja, ila sheria inambana tofauti kutegemea jinsi mtunga ratiba alivyogawa saa.

Mchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye jina lake halikutoka kwenye awamu ya kwanza ya mkopo. Bodi ya Mikopo hutangaza majina kwa awamu, na vyuo vinakuwa vimeshafunguliwa au viko mlangoni kufunguliwa. Yeye yuko nyumbani, Kasulu au Masasi, akisubiri, kwa kuwa hana nauli ya kuja kukaa mjini bila uhakika. Awamu yake inatoka, anafika, anasajiliwa wiki ya nne. Vipindi sita vimekwisha. Amebakiwa na ruhusa ya kukosa kimoja kwa semesta nzima. Mwezi wake wa pili chuoni anafiwa na babu, anakwenda msibani wiki moja, vinaondoka viwili. Ana 20 kati ya 28, asilimia 71. Tangu afike hakudoji hata siku moja, na jina liko ubaoni.

Utaambiwa: si angeomba ruhusa? Kweli, taratibu zipo. Akiugua anatakiwa cheti cha daktari, ile ED yenye muhuri, na aliyekunywa dawa za duka la mtaani akalala siku tatu hana muhuri. Msiba unataka barua. Barua ipite kwa mratibu wa kozi, ifike kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na yeye ana basi la saa kumi na moja alfajiri. Na katika vyuo vingi ruhusa inaeleza kwa nini hukuwepo, lakini haikurudishii asilimia. Barua unayo na kwenye hesabu unabaki umekosa.

Kuna kundi jingine ambalo kila aliyepita chuoni analijua, na sijui kwa nini kanuni hujifanya hazilioni. Ni wenye keri. Ulishindwa somo la mwaka wa kwanza, sapu, yaani mtihani wa marudio, ikakataa, sasa uko mwaka wa pili unalirudia. Ratiba imepangwa kwa kudhani kwamba wanafunzi wa mwaka wa pili wanasoma masomo ya mwaka wa pili basi. Jumanne saa nne unatakiwa uwe kumbi mbili kwa wakati mmoja. Ukienda huku, kule unahesabiwa mtoro. Chuo kimetunga ratiba isiyotekelezeka, kisha kinamwadhibu aliyeshindwa kuitekeleza. Wengi wanamalizana na CR kimyakimya, na ndivyo kanuni inavyogeuka biashara ya kujuana.

Wengine wako kazini. Posho ya chakula na malazi ya mkopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na humo mna kodi ya chumba, chakula, vocha na daladala. Asiye na mkopo kabisa hana hata hiyo. Ndiyo maana utamkuta kijana wa mwaka wa tatu akiendesha bodaboda jioni mpaka usiku wa manane, kisha kipindi cha saa moja asubuhi kinamkuta amelala. Sisemi chuo kimlee. Nasema kipindi cha saa moja asubuhi kilichosomwa slaidi moja baada ya nyingine, slaidi ambazo zitatumwa kwenye grupu saa tano, hakimpi sababu kubwa ya kuamka. Yeye anapiga hesabu kama mtu mzima: nikikosa nakosa nini hasa? Kama jibu ni sahihi tu, atatafuta wa kumsainia.

Uvivu upo pia, tusidanganyane. Kuna walioletwa chuoni na matokeo mazuri ya kidato cha sita, na uhuru ukawazidi nguvu. Mechi ya usiku, kesho yake kitanda, wiki inakwisha. Mwaka 1993 David Romer wa Berkeley alieleza kwamba kwenye madarasa ya uchumi aliyoyachunguza katika vyuo vya Marekani karibu theluthi ya wanafunzi hawakuwepo siku ya kawaida, na wale hawakuwa wakisubiri awamu ya mkopo. Kwa hiyo sidai kwamba kila aliyekosa ana kisa cha kutoa machozi. Nadai chuo kiwe na njia ya kuwatofautisha, na wiki ya 15 njia hiyo imeshafungwa.

Nimefika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: robo tatu ya nini? Kanuni nyingi zinasema asilimia 75 ya vipindi na kuishia hapo. Vipindi vilivyo kwenye ratiba, au vilivyofundishwa? Turudi kwenye vile 28. Mhadhiri amesafiri kwa warsha, ameugua, ana kikao cha bodi, sita havikufanyika. Vilivyofundishwa ni 22. Mwanafunzi aliyepanga maisha yake akijua ana ruhusa ya kukosa saba, amekosa sita tu, akahudhuria 16. Kumi na sita kwa 22 ni chini ya asilimia 73. Amezuiwa mtihani kwa kukosa vipindi vichache kuliko alivyoruhusiwa, na mhadhiri aliyekosa sita kama yeye ndiye anayetia saini ya kumzuia.

Halafu kuna kipindi cha kufidia. Ijumaa usiku CR anaandika kwenye grupu: "Wadau, Dokta kasema kesho saa moja asubuhi, wote muwepo, karatasi itapita." Aliyekwenda Kibaha kwa wazazi wake Ijumaa mchana amekosa kipindi ambacho hakikuwa kwenye ratiba yoyote aliyopewa na chuo.

Jirani zetu wamepitia sura kubwa zaidi ya jambo hili. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya Kenya waligoma kuanzia Septemba 2025 na mgomo ukadumu wiki saba, wakidai malipo ya makubaliano yaliyokuwa hayajalipwa. Madai yao yalikuwa halali, sina neno. Ila wiki saba ni nusu ya semesta. Mhadhiri anaporudi, anakuta vipindi vya kubanwa jioni na wikendi, na mwanafunzi aliyekuwa amerudi kijijini anatafuta nauli ya kurudi kwa haraka. Chuo kinachoweza kusogeza kalenda nzima kwa sababu ya mgomo kinashindwa vipi kusogeza asilimia ya mtoto aliyesajiliwa wiki ya nne?

Wapo waliojaribu kuifuta sheria kabisa. Jimbo la North Rhine-Westphalia, Ujerumani, lilipiga marufuku mwaka 2014 kulazimisha mahudhurio vyuoni, isipokuwa kwa mambo kama mafunzo ya lugha, maabara na ziara za masomo. Mwaka 2019 serikali nyingine ikaliondoa katazo hilo. India wamefika mahakamani: Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba mwanafunzi wa sheria asizuiwe kufanya mtihani kwa upungufu wa mahudhurio, katika shauri lililotokana na kifo cha mwanafunzi mmoja mwaka 2016 baada ya kuzuiwa hivyo. Mahakama haikusema darasa halina maana. Ilisema adhabu haiendani na kosa, ikataka vyuo vimjulishe mwanafunzi mapema na kumpa njia ya kufidia. Nawaona wako karibu zaidi na ukweli kuliko Wajerumani wa 2014.

Kwa sababu kuna mahali ambapo lazima ni lazima. Mwanafunzi wa uuguzi hawezi kujisomea wodi. Wa famasia hawezi kupewa maabara kwa grupu, na anayesomea ualimu lazima asimame mbele ya watoto kwenye mazoezi ya kufundisha, mtu akimwangalia. Semina ya watu 15 ambayo kila mmoja anasubiriwa azungumze nayo naiweka humo. Hapo ningepandisha kiwango kifike 90, na mgonjwa arudie zamu aliyokosa badala ya kuleta karatasi. Mhadhara wa watu 450 ni jambo tofauti. Mfumo wetu wenyewe unalijua hilo: kwa kipimo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo somo la krediti 12 ni saa 120. Hata ukiwa na vipindi vya saa mbili mara mbili kwa wiki kwa wiki 14, hizo ni saa 56. Zaidi ya nusu ya kazi inatarajiwa ifanyike nje ya ukumbi, kwenye vimbweta, maktaba, chumbani, na huko hakuna anayepitisha karatasi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimetoa wahitimu miaka yote hii kwa njia ya masomo ya mbali.

Mihadhara mikubwa ningeiondolea adhabu na kuiachia rejista. Wiki ya nne, mtu mmoja ofisini afungue orodha, achukue majina ya waliokosa nusu ya vipindi, awapigie simu. Sio ujumbe wa jumla kwenye mfumo, simu ya mtu kwa mtu. Ni kazi ya siku mbili au tatu kwa darasa kubwa. Wengine watasema wanaumwa, wengine keri inagongana, wengine watakiri wamelala, na wengine simu haitapokelewa kwa sababu walishaondoka na hakuna aliyejua. Mwenye keri atatuliwe ratiba. Aliyelala aambiwe alama zake za jaribio la kwanza zitaamua kama analazimika kuhudhuria au la. Wiki ya nane zoezi lirudiwe. Kusainiana kutapungua kwenyewe, maana sahihi ya uongo haitakuwa inamwokoa mtu na chochote, itamnyima simu tu.

Watasema hakuna watumishi. Ila watumishi wa kuandaa orodha ya wiki ya 15 wapo, na wa kusikiliza rufaa zake, na wa kukaa vikao vya bodi kuzijadili mpaka saa mbili usiku. Kazi hiyohiyo ikifanywa wiki ya nne inakuwa nyepesi, na haitamgharimu mtu mwaka.

Na kwenye karatasi hiyo iongezwe safu moja ambayo leo haipo: tarehe ambazo kipindi kilikuwa kwenye ratiba na mhadhiri hakufika, CR asaini, mkuu wa idara aione. Bila safu hiyo asilimia ya mwanafunzi yeyote haiwezi kukokotolewa, kwa kuwa hatujui tunagawanya kwa ngapi.